Nesi na Cherehani, sehemu ya 6: Duka la vitambaa limefungwa, tushone nini?

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa manne tu, lakini hii sehemu niliwaahidi tangu wiki iliyopita. Ngoja niiandike kabla sijaitwa.

Mnaonifuatilia tangu mwanzo mnajua mimi sio fundi. Mimi ni nesi hapa Mvumi, nina diploma ya uuguzi na cherehani ya miguu niliyopewa na mama macho yake yalipoanza kukataa kutunga uzi. Nashona nguo za wanangu, mapazia, foronya, na magauni yangu ya kanisani. Wengi wenu mko hivyo hivyo, hamshoni biashara, mnashona kwa sababu mshahara una mipaka na kwa sababu mnapenda. Ndio nyie naongea nanyi leo. Fundi wa mjini ana watu wake wa kumletea mzigo. Sisi tulikuwa na duka.

Duka lenyewe mnalijua hata kama hamjawahi kufika Mvumi, maana kila mji mdogo ulikuwa nalo. Kaunta ya mbao yenye alama za kupimia mita. Majora yamesimamishwa ukutani: tetroni, gabadini, poplini, bafta, bitana za kila rangi. Boksi la zipu, kopo la vifungo. Unaingia, "Shikamoo mama, naomba nusu mita ya kitu cha kola." Mama anakuvutia kitambaa, anakifinya mkononi uone kama kinajikunja, na kama ni kibaya anakwambia: "Hiki mwanangu kitachuja, chukua kile."

Mwaka juzi majora yakaanza kupungua bila kurudishwa. Ukutani zikaanza kuning'inia jezi na taiti. Mwaka huu pale wanauza simu na chaja. Na mimi yule mama simlaumu hata kidogo. Amekaa na jora la bafta miezi minane, anaangalia watu wanapita kwenda mnadani kununua gauni lililokwisha kushonwa kwa bei iliyo chini ya kitambaa chake peke yake, bado uzi, bado zipu, bado fundi.

Ujue hili halikuanza jana. Wazazi wetu walivaa kitambaa cha hapa hapa. Urafiki pale Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968, kukawa na Mwatex Mwanza, Mutex Musoma na vingine. Tusiipambe sana zamani lakini. Mama anakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupanga foleni ya kanga na kurudi mikono mitupu. Halafu katikati ya miaka hiyo biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, vitambaa vya nje navyo vikaingia, na kufika miaka ya 1990 viwanda vingi vikasimama au vikabinafsishwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki wakakubaliana mitumba iondoke ndani ya miaka mitatu. Marekani ikakumbushia mpango wa AGOA, ule wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru, na wengi wakarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikatolewa kwenye nafuu hiyo. Sisi pamba tunailima wenyewe, Simiyu huko na Shinyanga, na sehemu kubwa inapanda meli ikiwa bado marobota. Kwa hiyo anayesubiri jora lirudi lenyewe kwenye kaunta ya Mvumi atasubiri sana.

Sasa maoni yangu, na najua mtanibishia. Mnada wa mitumba ndio duka letu la vitambaa kwa sasa, na kitambaa kipya tukinunue kwa jora, kwa kikundi. Hii ya kila mtu kuagiza kipande chake kwa simu ndiyo inayotumaliza.

Niwape ya kwangu. Mwezi wa tatu niliona picha ya kitambaa kizuri cha maua, muuzaji yuko Kariakoo, anasema ni pamba tupu. Nikaagiza mita sita, nikatuma hela, nikalipia mzigo kwenye basi, nikalipia bodaboda kutoka stendi. Napima nyumbani: yadi sita. Yadi sita ni kama mita tano na nusu. Nusu mita iliyopotea ni mikono miwili ya gauni la mtoto! Nikachomoa uzi mmoja nikauwasha na kiberiti. Pamba ikiungua inanuka kama karatasi na inaacha majivu laini. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kishanga kigumu cheusi. Polista. Nampigia, hapokei.

Mtu atasema, polista ina shida gani, mbona haichuji, haihitaji pasi. Hapo naweka cherehani pembeni navaa sare. Huku kwetu tunapika kwa kuni na mkaa, watoto wanazunguka mafiga. Pamba nayo inashika moto, tena haraka, asikudanganye mtu. Lakini pamba inaungua inakuwa majivu. Polista inayeyuka, inanata kwenye ngozi na inaendelea kuunguza. Nimeshahudumia mtoto wa miaka minne aliyekuja na gauni la sherehe limegandia mgongoni. Sitasema nani wala lini. Kilio kile ninacho mpaka leo. Ikitokea kwako, zima moto, mwagia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kilichonata usikivute, mfunike na kitu safi asipate baridi, mlete hospitali. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia acha jikoni.

Kwa hiyo mimi nikilalamika kuhusu duka, sililii maua ya kitambaa. Nalilia mahali pa kukishika mkononi kabla hela haijatoka. Na mnadani unakishika.

Nenda kwenye mashuka. Achana na wanaogombania magauni, piga magoti kwenye rundo la mashuka na mapazia. Shuka moja la upana wa mita 2 na urefu wa mita 2 na nusu lina eneo la zaidi ya mita nne za kitambaa cha inchi 45 cha dukani. Hapo unatoa gauni la mtoto, foronya mbili na bitana inabaki. Liinue usawa wa jua kabla hujalipa. Katikati, pale mtu alipokuwa analala, ndipo panapochakaa, utaona mwanga unapita. Kingo huwa bado nzima. Kata vipande vikubwa kwenye kingo, katikati tumia kwa mifuko ya ndani na vitambaa vya jikoni. Shuka la pamba nzito linatoa hata shati la mume, nimelishona, anavaa kazini na hakuna aliyejua mpaka nilipoandika hapa. Pole baba watoto.

Ukifika nyumbani usilitupe kabatini. Loweka kwenye maji ya moto kabisa, anika juani, piga pasi. Wadudu wa upele hawapendi joto. Kama kuni hazitoshi, lifunge kwenye mfuko wa nailoni wiki nzima ndio ulifue. Na kufua kwanza kunakuonyesha litasinyaa kiasi gani kabla mkasi haujapita.

Kuna kaka aliniandikia juzi: "Sista, mitumba ndiyo iliyoua duka, halafu wewe unatutuma kwa muuaji?" Kaka, umenipata. Hoja yako ni ya kweli na mimi sina jibu la kukuridhisha. Ninachoweza kusema ni kwamba kitenge au kanga ya kiwanda cha hapa nchini ukikiona, na ni pamba, nunua hicho kwanza. Lakini mtoto anakua leo, na duka halipo leo.

Jora sasa. Tulianza wanane, manesi watatu na majirani watano, mmoja ni bibi wa miaka sabini anayetushinda wote kupiga pindo. Hesabu ni rahisi. Nauli ya kwenda na kurudi Dodoma inazidi bei ya mita moja ya kitambaa, sasa akienda mmoja badala ya wanane, nauli saba zimebaki kwenye kitambaa. Halafu muuzaji wa jumla kule Majengo haongei na mtu wa nusu mita, anaongea na mtu wa jora. Muulize jora lina mita ngapi, maana yanatofautiana, na upana ni inchi ngapi. Cha inchi 60 kwa bei ya juu kidogo mara nyingi kinakushinda kukiacha. Aende na kiberiti, achome uzi mbele yake. Mwenye mzigo mzuri hakasiriki.

Kosa tulilofanya mara ya kwanza ni kununua jora la maua. Krismasi watoto wa nyumba nane wakaingia kanisani kama kwaya moja, watu wakawa wanawauliza wataimba saa ngapi. Tangu hapo tunanunua rangi moja tulivu: bafta nyeupe, poplini ya bluu, khaki ya sare. Urembo kila mtu anatafuta kwenye mitumba, kola hapa, mfuko pale. Na hela tunakusanya mwezi wa tisa zabibu zikishauzwa. Januari usijaribu, kila mtu ana ada na madaftari, utagombana na marafiki bure.

Mtunza hela asiwe mkataji. Hilo sifafanui, tulijifunza.

Haiendi vizuri kila siku. Nina mita nne na nusu za bafta kwenye sanduku langu sasa hivi, ni za mwenzetu aliyelipa nusu tangu mwezi wa tisa. Wenzangu wanasema ziuzwe. Mimi nimekataa. Huyo ndiye alikuwa akishonea watoto wa mtaa mzima nguo za ndani na pedi za kufua za mabinti wanaoenda shule, na duka lilipofungwa akaifunika cherehani yake kanga, ikawa meza ya kuwekea redio. Ameniambia atamalizia akiuza kuku. Jumamosi nampelekea hizo mita, kuku atafuata.

Sehemu ya 7 ni zipu na lastiki, hizo kwenye jora hazipo. Anzeni kuzifumua kwenye suruali mbovu, msizitupe. Naenda kuandaa sare, zamu yangu ni saa mbili usiku.