Nembo ya Taifa Haina Msalaba wala Hilali

Kwa Mungu na Nchi Yangu. Hapa Kamwokya, Kampala, maneno hayo ndiyo hufunga kila mjadala kuhusu wapenzi wa jinsia moja. Iwe stendi ya bodaboda, iwe mbele ya kikaango cha muuza rolex, chapati ya mayai, mtu akiishiwa hoja hukimbilia kaulimbiu ya taifa. Uganda, anasema, ilijengwa juu ya Mungu, na anayewadaia mashoga haki sawa na raia wengine anaubomoa msingi wa nchi. Mapadre wanayasema hayo, mashekhe wanayasema, walokole wanayapigia kelele kwenye vipaza sauti. Mimi ni muumini na nasema wanakosea, na kosa lao linaumiza watu.

Chukua pasipoti yako uitazame nembo iliyo kwenye jalada. Kuna ngao na mikuki miwili, ngoma, jua, mawimbi ya ziwa, korongo upande mmoja na swala upande wa pili, kahawa na pamba chini. Msalaba haumo. Hilali haimo. Waliotuachia nembo hiyo mwaka 1962 walimtaja Mungu, wakaacha kutaja dini, na walikuwa na sababu nzito ya kufanya hivyo.

Sababu hiyo si mbali na hapa. Panda Barabara ya Kira hadi Jumba la Makumbusho la Uganda, ambalo watu wengi wa Kamwokya hulipita kila siku bila kuingia. Humo kuna masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, Mprotestanti, alimpa mmisionari John Roscoe masalia hayo, yakapelekwa Cambridge. Yalirudishwa mwaka 1962, mwaka ule ule wa uhuru. Basi anayesema nchi hii ilijengwa juu ya dini atuambie ni dini ipi. Ya Kibuuka, iliyokuwapo kabla ya msafara wa kwanza wa Waarabu kufika kwa Kabaka Suuna? Ya Waislamu, waliotangulia kufika na ambao baadhi yao waliuawa na Muteesa I kwa kushika imani yao? Ya Waprotestanti wa Namirembe au ya Wakatoliki wa Rubaga?

Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, afisa Mwingereza, huko Old Kampala. Januari 1892, kutoka kwenye ngome hiyo hiyo, bunduki za Maxim ziliwapiga Wakatoliki. Lugard alikuwa amewagawia Waprotestanti silaha, na kanisa la Rubaga likateketea. Watu wa kabila moja na lugha moja waliitana Waingereza na Wafaransa wakauana, wote wakiwa na Injili mkononi. Miaka michache kabla ya hapo Waislamu na Wakristo walikuwa wamepokonyana kiti cha Kabaka kwa damu. Vita vilipokwisha, ardhi na vyeo vikagawanywa kwa dhehebu: Buddu kwa Wakatoliki, Butambala kwa Waislamu, na Waprotestanti wakachukua sehemu nono ya madaraka.

Sisemi dini haikutujengea kitu. Hospitali za Mengo na Nsambya, shule za Namilyango na Budo: hiyo ni kazi ya watu wa dini, na wengi nchini wamesoma au wametibiwa kwao. Lakini kila dini iliposhika dola, au dola iliposhika dini, raia walilia. Tulifika uhuru tukiwa na chama cha DP cha Wakatoliki na UPC cha Waprotestanti. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na mwaka huo huo Rais Idi Amin akapiga marufuku madhehebu 27, Wabahai wakiwemo. Kwa hiyo Katiba ya 1995 haikubahatisha. Ibara ya 7 inasema Uganda haitakuwa na dini ya dola. Ibara ya 20 inasema haki za msingi mtu huzaliwa nazo, dola haimpi. Haikuongeza kwamba zinasubiri kwanza kibali cha askofu au mufti.

Nitaambiwa: na mashahidi wa Namugongo? Je, hawakufa kwa kumkatalia Kabaka Mwanga? Ni kweli, baadhi ya vijana wale wa ikulu walikataa matakwa yake ya kingono. Walimwambia mtawala mwenye uwezo wa kuua kwamba miili yao na dhamiri zao si mali yake, akawachoma moto. Anayewaheshimu kweli mashahidi hao ataanza kwa kuiogopa dola inayodai mamlaka juu ya mwili na dhamiri ya mtu mzima ambaye hajamdhuru yeyote. Mtu kumlazimisha mwingine ni uhalifu, na unaadhibiwa bila kujali jinsia. Watu wazima wawili waliokubaliana hawana uhusiano wowote na kosa la Mwanga.

Sheria yenyewe ilitoka wapi? Kosa la kulalana kinyume cha maumbile limo katika Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1950, gavana akiwa Mwingereza. Uingereza ikaanza kuachana na sheria yake ya namna hiyo mwaka 1967. Sisi tuliirithi, tukaiita desturi yetu, na Mei 2023 Rais Museveni akatia saini sheria kali zaidi: kifungo cha maisha, na kifo kwa kinachoitwa ushoga uliokithiri. Hata Askofu Mkuu wa Kianglikana, Kaziimba, aliyeiunga mkono, alisema hataki adhabu ya kifo.

Sheria hiyo ilifika hadi kwenye vyumba vyetu. Kamwokya ni mtaa wa nyumba za kupanga za chumba kimoja kimoja, ukuta mmoja watu wawili, jirani anakusikia ukikohoa. Sheria ilimtishia mwenye nyumba kifungo na ikamtaka jirani aripoti. Wapangaji walifukuzwa kwa tetesi tu, virago nje, kwa sababu kijana hajaoa au binti amevaa suruali. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu hivyo viwili pamoja na vingine, ikaacha sehemu kubwa ya sheria isimame. Rufaa imepelekwa Mahakama ya Juu.

Mtaa huu huu unajua dini inaweza kufanya nini chumbani mwa jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, UKIMWI ulipokuwa ukitumaliza na watu wanaogopa hata kumgusa mgonjwa, Wakristo wa kawaida wa Kamwokya waliingia kwenye vyumba hivyo kuwauguza wagonjwa. Kazi hiyo ikawa Kamwokya Christian Caring Community. Hawakuhitaji kifungu cha sheria ili wawe Wakristo. Leo kijana anayeogopa kukamatwa anaogopa pia kwenda kliniki kupimwa na kuchukua dawa, na ugonjwa hauulizi nani anampenda nani.

Padre, shekhe, mchungaji: hubirini mnachoamini juu ya ndoa na tendo la ndoa. Hiyo ni haki yenu na Katiba inailinda. Msiombe askari awahubirie. Na majaji wa Mahakama ya Juu, rufaa iko mbele yenu, na Ibara ya 7 iko palepale ilipoandikwa mwaka 1995. Ifuteni sheria ya 2023 yote, na Bunge likiondoe kile kifungu cha mkoloni.