Vijana Waijue Kazi ya Kuhudumia Watu Kabla ya Kuichagua

Kila mwanafunzi wa kidato cha nne hutakiwa kujaza fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo. Si ajabu kwamba wengi huandika kazi walizozisikia tangu utotoni: udaktari, uanasheria, uhasibu. Ustawi wa jamii, elimu maalumu na uuguzi wa wagonjwa wa akili huwekwa mwisho, kama kimbilio la aliyekosa pengine pa kwenda.

Hasara ya uchaguzi huo haimwangukii kijana peke yake. Humwangukia mtoto asiyeona aliyepewa mwalimu asiye na subira, na mgonjwa aliyepewa muuguzi anayemwogopa.

Katika Milima ya Usambara hakuna sababu ya kuchagua gizani. Irente, karibu na mji wa Lushoto, ipo shule ya watoto wasioona na ipo nyumba ya kulelea watoto wachanga. Lutindi, upande wa Korogwe, ipo hospitali ya wagonjwa wa akili, mahali palipoanzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani. Huko kazi za mikono ni sehemu ya tiba. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na walioviunda ni watu waliojifunza kazi hiyo.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu walimu wafanye mambo matatu. Kwanza, wapatane na wakuu wa vituo hivyo ili wanafunzi wachache wanaopenda wakafanye kazi huko wakati wa likizo, chini ya uangalizi. Hatusemi ziara ya kutazama, kwa maana yatima na wagonjwa si maonyesho. Kijana afue, alishe, asome kwa sauti, asikilize, na ajifunze kutunza siri za watu.

Pili, afisa ustawi wa jamii wa wilaya aalikwe shuleni. Aeleze jinsi taarifa yake inavyoweza kuisaidia mahakama kuamua shauri la mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Asifiche pia uzito wa mzigo wake.

Tatu, wanafunzi waonyeshwe njia ya masomo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na Tengeru ipo taasisi ya maendeleo ya jamii. Kijana hawezi kuomba nafasi katika chuo asichokijua.

Nao watumishi wa halmashauri wana wajibu wa kuwafungulia vijana hao milango, bila kuwageuza vibarua wasiolipwa.

Wapo watakaorudi wakisema kazi hiyo hawaiwezi. Hao wasichekwe. Heri kijana alijue hilo likizoni kuliko kulijua akiwa kazini, mbele ya mtu anayemtegemea.