AFYA YA FAMILIA: Kovu Linaloota

Mwezi huu tuongee juu ya keloidi, lile kovu linalovimba na kuota kupita kidonda chenyewe. Tumesikia wengine wakisema ni uchawi. Hapana! Ngozi ikijeruhiwa, chembe hai hutumiana ujumbe. Mjumbe mmoja, TGF-beta, huamuru zitengenezwe nyuzi za kolajeni za kuziba kidonda. Kikipona, ujumbe hupungua. Kwa wenye keloidi hauachi, nyuzi zinazidi tu. Haiambukizi, lakini mara nyingi hufuata ukoo. Basi kama mama au baba anayo, tusimtoboe mtoto masikio, tusimchanje chale. Tusilikate kovu nyumbani, linaweza kurudi kubwa zaidi. Twende zahanati tuulize sindano ya kulipunguza. Na aliye nalo tusimcheke.