Sadaka ya Simu ni ya Jina la Nani?

Zamani sadaka ya Jumapili huku kwetu Kahama iliingia kanisani kwa mikono: senti, mayai, kuku aliyefungwa miguu, debe la mpunga. Hayo yote yangali yanaingia. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania, mwaka 2008, imekuja na sadaka ya simu. Kijana aliye machimboni Bulyanhulu aweza kutuma zaka yake parokiani kwao bila kumpa mtu wa pikipiki aibebe mfukoni. Jambo hili ni jema.

Nataka kuuliza moja tu: namba ile ni ya nani? Pengine kigangoni hutajwa namba ya mweka hazina, kwa kuwa ndiye mwenye simu. Huenda ni mwaminifu kabisa. Lakini je, akifa usiku wa leo? Laini ina jina lake, na fedha iliyomo itahesabiwa katika mirathi. Kigango kitaanza kubishana na mjane msibani, na hiyo ni aibu kubwa. Makampuni ya simu hutoa namba ya kulipia yenye jina la taasisi. Parokia na iombe hiyo. Nawe mtumaji, kabla hujathibitisha, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Matapeli wanaoandika kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, nani asiyewajua?

Mtume Paulo alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakutaka kuibeba fedha peke yake. Alifuatana na wenzake, watu wasipate la kulaumu (2 Kor 8). Na Sheria ya Kanisa ya 1983, ndio mwaka ule ule lilipoundwa Jimbo la Kahama, yataka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha (kanuni 537), na waamini waelezwe hesabu ya mali waliyoitoa (kanuni 1287). Basi, akina baba na akina mama, kuuliza hesabu si utovu wa adabu. Kama ya kapu husomwa baada ya Misa, ya simu nayo isomwe, pamoja na ada iliyokatwa wakati wa kuitoa kwa wakala.

Tena, bibi anayekuja na mayai yake matatu asiambiwe habari za namba. Simu hana. Apokewe kama siku zote, na mayai yapigwe mnada pale nje.