Maporomoko ya Hanang na siri zilizomo simuni mwetu



Jumapili ya tarehe 3 Disemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakauingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walifariki. Rais Samia, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatiza safari yake akarudi. Sisi wa visiwani habari zilitufikia kwa njia tuliyoizoea: kundi la ukoo, kundi la msikiti, kundi la wazazi wa madrasa.

Katika misiba ya namna hii habari haziji peke yake, huja na picha. Wilaya ya Mbulu inapakana na Hanang, na koo za Wairaqw zimeenea pande zote mbili. Basi mchukulie mtu wa Dongobesh anayempigia dada yake wa Katesh, simu haipatikani, halafu anamwona amelala kwenye tope, katika picha iliyorushwa na mtu asiyemjua hata jina. Muosha maiti ametakiwa afiche aibu anayoiona. Sisi ambao hatukumwosha tumepata wapi ruhusa ya kumtangaza? Jibu letu kwa wanaouliza ni kwamba haifai, na kuandika "Inna lillahi" chini ya picha hakuibadilishi hukumu.

Hao ni waliokufa. Walio hai nao wamo hatarini, na hapa ndipo tunapoulizwa sana: "Sheikh, WhatsApp wenyewe wanasema mazungumzo yamefungwa, tuna khofu ya nini?"

Ni kweli yamefungwa. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp husomeka kwenye simu inayotuma na inayopokea tu. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayako hivyo. Mpaka mtu achague mazungumzo ya siri, na wengi hawajui. Lakini kufuli ya njiani hailindi kilichomo ndani ya simu. Mwaka 2019 iligunduliwa kasoro katika sehemu ya kupiga simu ya WhatsApp: ilitosha kupigiwa, hata usipopokea, programu ya kijasusi ya Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israel ikaingia. Watu wapatao 1,400 walilengwa, wakiwemo Wanyarwanda walio uhamishoni. WhatsApp ilishtaki, na Disemba 2024 mahakama ya Marekani ikaamua kuwa NSO inawajibika.

Mama wa Mkoani au Chwaka hatafutwi na majasusi wa aina hiyo. Ila dawa ya kasoro ile ilikuja kwa kuifanyia programu apdeti, na majumbani mwetu apdeti huahirishwa miezi kwa kuogopa kumaliza bando. Huo ni ubakhili usio na faida.

Mwizi wetu sisi hahitaji Pegasus. Hupiga simu kwa sauti ya upole, ajifanye anakuingiza kwenye kundi la kuchangia waathirika, akuombe tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yako. Ukimtajia, WhatsApp yako imehamia kwake. Dakika chache baadaye anaandika kwenye kundi la ukoo kwa jina lako na picha yako: mchango utumwe kwenye namba hii. Akiwa ameibiwa mshika hazina wa msikiti, sadaka ya watu wa Katesh inaishia mfukoni mwa mwizi, na aliyetoa hana habari. Kwa hiyo anayekusanya michango kwa simu, tunaona ni wajibu wake kuweka uthibitishaji wa hatua mbili, kwa sababu ameshika amana ya watu. Na anayetoa apige simu, asikie sauti ya anayemjua, ndipo atume.

Kuna na mazoea yetu ya steshenari. Mtu hupiga picha kitambulisho cha Mzanzibari, cheti cha mtoto, pengine na majibu ya hospitali, akamtumia kijana wa steshenari achape. Kijana hana ubaya, lakini nyaraka za mtaa mzima zinabaki kwenye simu yake, na siku simu hiyo ikiibiwa hakuna atakayekumbuka kuwa na zake zimo. Mwambie afute mbele yako, na usione haya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, lakini haitakwenda kumsimamia kila mwenye printa.

Wameuliza pia wanandoa kuhusu kuunganisha kwa siri WhatsApp ya mwenzako na kompyuta ili kumsoma. Huo ni upelelezi uliokatazwa katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, na ndoa haiuhalalishi. Mwenye shaka afungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, aondoe kila asichokitambua. Mtoto mdogo ni jambo jingine: mzazi ana haki ya kuangalia, na ni bora amwambie kuwa anaangalia.

Wallahu a'lam.