LESENI YANGU YA UNESI HAIUZWI. YA TIMU INAUZWAJE?

1.
Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, chai iko mezani na sambusa mbili za jana, na silali mpaka niandike hili.

Usiku nikiwa napima presha wodini, mzee mmoja kaniuliza: "Mwanangu, ile Ihefu iliyomfunga Yanga iko wapi siku hizi?" Nikamwambia iko Singida, inaitwa Singida Black Stars. Akanitazama kama nimempa dawa ya mgonjwa mwingine. "Ihefu ya Mbeya? Imefikaje Singida?" Presha yake ilikuwa imetulia, sikutaka kuipandisha. Nikamwambia baba, nitakujibu. Jibu lenyewe ndilo hili, na nakujibu na wewe unayesoma.

2.
Kama umesahau, nikukumbushe. Ihefu ilikuwa timu ya Ubaruku, Mbarali, kwa wakulima wa mpunga. Novemba 2022 Yanga ilifika pale ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Ikafungwa 2-1. Nchi nzima iliijua Ubaruku siku ile. Msimu uliofuata, Oktoba 2023, Yanga ikarudi, ikafungwa tena 2-1.

Miezi michache baadaye, msimu ukiwa katikati, Ihefu ikahamishiwa Singida. Baadaye hata jina likaondoka. Yule mkulima aliyeuza gunia akanunua jezi, jezi ile leo ni tambara la kudekia.

Hivi nani alimuuliza?

3.
Usidhani ni Ihefu peke yake. DTB ilipanda daraja 2022 ikiwa timu ya benki ya Dar es Salaam, ikaingia Ligi Kuu ikiwa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 "Singida" ikafutwa, ikabaki Fountain Gate, makazi yake Babati, Manyara. Watu wa Singida wakapoteza timu hiyo na papo hapo wakapewa ile ya Ubaruku. Ukichora ramani ya hii biashara unahitaji rula na panadol.

Au chukua Kitayosce. Imezaliwa Kilimanjaro, ikahamia Tabora, ikapanda 2023, ikaitwa Tabora United. Mechi yake ya kwanza kabisa Ligi Kuu, dhidi ya Azam pale Chamazi, iliingia uwanjani na wachezaji 8 kwa sababu usajili wa wengine ulikuwa umekwama. Ikafungwa 4 na mechi ikavunjika hata nusu saa haijafika, wachezaji hawatoshi. Mwaka 2025 ikageuka TRA United. Mtoto aliyezaliwa wakati timu inaitwa Kitayosce hajaanza hata darasa la kwanza, na timu tayari ina jina la tatu.

Nieleweke vizuri. Sisemi kuna mtu amevunja kanuni. Nasema kanuni zinaruhusu, na hicho ndicho kinachonikera.

4.
Niongee kwa kazi yangu. Mie nina leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Nimeisomea, nimefanya mtihani, naihuisha. Siku nikichoka siwezi kumuuzia jirani yangu hata awe na mamilioni. Hawezi kuingia wodini kesho akasema "sasa mimi ndiye Sista fulani, nimenunua." Leseni ni ushahidi kwamba MIMI nimepita pale panapopitwa.

Na nafasi ya Ligi Kuu ni hivyo hivyo. Inapatikana kwa kuanzia chini, ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, Championship. Kule timu inalala kwenye madarasa, inakula wali maharage, inasafiri usiku kwenye basi bovu. Kupanda ndiyo mtihani wenyewe. Sasa ukimruhusu mtu anunue cheti cha aliyepita, ule mtihani wa nini?

5.
Kwa nini wanaitaka hii nafasi kwa udi na uvumba? Pesa ya televisheni, mwenzangu. Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Halafu kuna udhamini wa benki ya NBC, na ule ulioongezwa 2023 ulitangazwa kuwa bilioni 32.6 kwa miaka mitano. Pesa hii inakwenda kwa timu zilizoko Ligi Kuu. Ukiwa nje, unaiona kwenye king'amuzi tu kama mimi.

Pesa si mbaya, tena wachezaji wanalipwa afadhali kuliko zamani, nafurahi kwa ajili yao. Ila tangu nafasi 16 zilipopata thamani hiyo, zimegeuka viwanja vya Mikocheni. Mtu hajengi, ananunua kilichojengwa anabadilisha geti.

6.
Ukitaka kujua inaishia wapi, tazama Marekani. Vyuo vikuu vyao vina ligi za michezo, na watu wanajaza viwanja vikubwa kuliko wa Mkapa. Ligi moja ya pwani ya magharibi, Pac-12, mizizi yake ni ya 1915. Mwaka 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vikatangaza vinahamia Big Ten, ligi ya majimbo ya kati, iliyokuwa na mkataba wa televisheni wa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7 na Fox, CBS na NBC. (NBC ya kule ni televisheni, siyo benki yetu.) Kufikia Septemba 2023, kati ya vyuo 12 walikuwa wamebaki wawili. Stanford, chuo kilicho upande wa Pasifiki, kikajiunga na ligi yenye jina la pwani ya Atlantiki! Binti wa voliboli, mwanafunzi mwenye mtihani Jumatatu, anavuka bara zima kwenda kucheza, eti kwa sababu mpira wa wanaume unalipa kwenye televisheni.

Lakini kuna kitu kule kimenipa wivu. Wale wawili walioachwa, Oregon State na Washington State, walikwenda mahakamani. Mahakama ya kawaida, ya jimbo. Ikawapa haki ya kuiongoza ligi iliyobaki, na mali yake isibebwe na waliokimbia. Vyuo vidogo kifedha, vilivyoachwa kama yatima, vikasikilizwa na jaji.

7.
Hapa kwetu mkulima wa Ubaruku angekwenda wapi? Mahakamani? Katiba za mpira, kuanzia FIFA mpaka TFF, zinakataza kupeleka mambo ya soka mahakama za kawaida, unaweza kufungiwa. Unatakiwa upite kamati za ndani, kisha CAS kule Uswisi. Yanga wenyewe, na ukubwa wao wote, waliikimbilia CAS baada ya ile mechi ya Simba ya Machi 8, 2025 kuahirishwa, wakaambiwa waanzie ngazi za ndani. Kama Yanga anarudishwa mapokezi, mimi na wewe tutafika kwa daktari lini?

Na kumbuka kesi ya Feisal Salum. Kamati ya TFF ilisema bado ni mchezaji wa Yanga, miezi ikapita, watu wakaanza kuchangishana hela aende CAS. Kilichomaliza ni kauli ya Rais Samia Juni 2023, kwenye hafla ya Ikulu, akiwaomba Yanga wayamalize. Siku chache tu, kijana yuko Azam. Nilifurahi kwa Feisal. Lakini nikajiuliza, asiye na jina la kutajwa Ikulu anamalizwa na nani?

Utasema tuchague viongozi wengine. Haya. Mwaka 2021 uchaguzi wa TFF ulifanyika hapa hapa Tanga, Wallace Karia mgombea pekee wa urais. Mwaka 2025, Tanga tena, Karia pekee tena. Wengine wanakwamia kwenye fomu za udhamini na usaili, kabla hata ya sanduku la kura. Viwanja navyo, Mkwakwani, Kirumba, Sokoine, Sheikh Amri Abeid, vyote vya CCM. Pesa, kanuni na nyasi, vyote viko kwa wachache. Shabiki amebaki na vuvuzela.

8.
Sasa nije nyumbani, maana hapa ndipo panaponinyima usingizi.

Tanga tuna Coastal Union ya 1948 na African Sports ya 1936. Baba yangu mpaka leo anahesabu miaka kwa ubingwa wa Coastal wa 1988: fulani kazaliwa kabla ya ubingwa, fulani baada ya ubingwa. Msimu wa 2015/16 tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu, Coastal, Sports na Mgambo. Zote tatu zikashuka msimu mmoja! Mji ulikuwa kama una msiba, hata chapati za jioni hazikunukia.

Lakini Coastal ikarudi 2018, kwa miguu yake. Julai 2022 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikatoka 3-3 na Yanga, tukafa kwa penalti. Msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne, ikacheza Afrika. Halafu msimu wa 2024/25, mechi za "nyumbani" zikachezwa Dar na Arusha kwa sababu ya mambo ya uwanja. Uliona watu wangapi kwenye televisheni? Mie nilihesabu viti.

Hapo ndipo roho yangu ilipopasuka. Timu isiyo na uwanja, yenye njaa, inayocheza mbali na watu wake, imeshafika nusu ya safari ya kuhamishwa. Anabaki kuja mtu na begi.

Kinga tuliyonayo ni moja: Coastal ni klabu ya wanachama. Kanuni za serikali zinataka klabu za namna hii wanachama wabaki na asilimia 51, ndiyo maana Mohammed Dewji pale Simba ni 49 kwa bilioni 20. Timu za kampuni hazina kinga hiyo, mwenye hisa anaamka asubuhi anahama. Lakini asilimia 51 ya wanachama wasiolipa kadi na wasiokuja mkutanoni ni chandarua chenye matundu.

9.
Najua kuna mtu wa Singida ananisoma na ameshakunja sura. Kaka yangu, sina ugomvi na wewe. Una haki ya kuona Ligi Kuu kwako. Mlikuwa na Singida United, ikapanda, ikafika fainali ya 2018, ikashuka 2020. Kwa nini haikujengwa upya? Namungo ya Ruangwa ilipanda 2019 kutoka huko huko Lindi, na wote tunajua ilikuwa na mkono wa wakubwa, uwanja wenyewe unaitwa Majaliwa. Ila ilipanda YENYEWE. Mkubwa akitaka kusaidia kwao, asaidie hivyo.

Ninachotaka mimi ni kidogo. TFF na Bodi ya Ligi waandike kwamba timu ikivuka mkoa inaanza ligi ya mkoa inakokwenda. Nunua jina, nunua basi, nunua kocha, daraja libaki. Utaona wanunuzi watakavyopungua.

Na sisi wa Tanga tusingoje TFF. Kadi yangu nimelipia. Mkutano wa wanachama ukiitishwa nitakuja, hata na gauni la zamu, na nitanyoosha mkono kuuliza kifungu gani cha katiba yetu kinazuia Coastal kuondoka Tanga bila kura ya wanachama. Wewe kadi yako iko wapi?

Yule mzee anaruhusiwa kesho. Naenda kulala, zamu saa mbili.