Mkojo Usiozuilika: Tiba Ipo, na Ibada Haikatiki

Wako mama zetu walioacha kuhudhuria darsa, maulidi na arusi, si kwa kukosa hamu, bali kwa kuchelea mkojo utakaowatoka kabla hawajafika msalani. Aibu imewafunga vinywa hata mbele ya mabinti zao. Wiki hii twasema nao waziwazi, kwani mficha uchi hazai.

Kibofu hukaza na kulegea kwa amri zipitazo katika mishipa ya fahamu. Amri zikija ovyo, kibofu hujikaza kabla ya wakati wake na mkojo hutoka kwa ghafla. Tiba huanza na mepesi: kupunguza chai na kahawa, kukizoesha kibofu kungoja, na kukaza misuli ya nyonga, kisha vidonge. Yasipofaa hayo, mabingwa hudunga dawa ya botulinamu katika ukuta wa kibofu, kwa chombo chembamba kipitishwacho katika njia ya mkojo. Dawa hiyo huzizuia neva zisiifikishie misuli amri ya kukaza. Marekani iliiruhusu mwaka 2011 kwa wenye maradhi ya neva, na mwaka 2013 kwa wengineo ambao vidonge havikuwafaa. Nafuu yake hudumu miezi kadhaa, kisha sindano hurudiwa. Baadhi ya wagonjwa hushindwa kukojoa kwa muda wakahitaji mpira wa mkojo, na wengine hupata maambukizi. Muulizeni daktari hayo kabla ya kukubali.

Uchunguzi utangulie, kwani maradhi hayafanani. Atokwaye na mkojo akikohoa au akicheka, misuli yake ndiyo iliyolegea. Sindano hii si dawa yake. Na anayetiririkwa mchana na usiku tangu uzazi mgumu huenda ana fistula, ambayo hutibiwa kwa upasuaji.

Ama swala, haimwondokei mgonjwa wala haikufanywa nzito juu yake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wakati ukishaingia hujisafisha, akajifunga kitambaa au sodo, akatawadha na kuswali pasi na kukawia. Kimtokacho baada ya hapo hakimbatilishii swala. Hufanya hivyo kwa kila fardhi.

Enyi mabinti na waume, mkimwona mama ajitenga, msimlaumu. Muulizeni kwa upole, kisha mfuataneni naye hospitalini.